Walioshindwa uchaguzi wa wamiliki wa nyumba wanataka sanduku lifunguliwe upya. Wana haki hiyo?

Nyumba ya Kona:
Wakuu, salaam. Siku ya nne leo silali vizuri. Eneo letu lina nyumba 64 na jumuiya ya wamiliki yenye katiba yake. Jumapili tulichagua mwenyekiti. Nyumba 41 zilisaini daftari la mahudhurio, nyumba 17 zikapiga kwa barua za uwakilishi. Akidi ilitimia, kura zikawa za siri, zikahesabiwa mbele ya watu: 31 kwa 29. Matokeo yakatangazwa, makofi yakapigwa, tukatawanyika. Jumanne upande ulioshindwa wameleta barua, wanataka sanduku lifunguliwe na kura zihesabiwe upya. Swali langu ni moja: matokeo yakishatangazwa, mwenyekiti mpya analazimika kukubali? Katiba yetu haisemi lolote kuhusu kuhesabu upya. Naombeni ushauri, bila matusi.

Tumaini la Pili:
Ngoja waje wajuzi. Ila kwa tofauti ya kura 2, hata mimi ningeomba zihesabiwe tena.

Mama Kilimani:
Pole sana. Mimi nilishaumizwa na mambo haya, na kwetu ugomvi ulikuwa wa wadaiwa ada. Usiku wa kuamkia mkutano wakabandika orodha ya wasioruhusiwa kupiga kura. Nalipa kila mwezi, lakini jina langu limo, kisa risiti moja iliandikwa namba ya nyumba ya jirani. Nikazuiwa mlangoni. Nilikaa nje nasikia majina yanaitwa moja moja, langu halimo. Tangu siku ile sijakanyaga mkutano wao. Orodha ya wapiga kura ibandikwe mapema, mtu apate nafasi ya kuweka pingamizi na kuleta risiti zake.

Nyumba ya Kona:
Pole mama. Kwetu hakuna aliyezuiwa, wote waliofika walipiga.

Mchana Kweupe:
Mleta uzi, wewe hapo ni nani? Mgombea, msimamizi au jirani tu? Jirani tu hakosi usingizi siku nne kwa sababu ya sanduku.

Nyumba ya Kona:
Sioni kama hilo linabadilisha swali.

Mchana Kweupe:
Linabadilisha kila kitu. Jibu.

Nyumba ya Kona:
Haya. Mwenyekiti mpya ni mimi. Na kabla hamjanirukia, jueni nilichokikuta. Aliyetoka alikaa miaka sita, mitatu ya mwisho hakusoma hesabu hata mara moja. Pampu ya maji ikiharibika tunachangishwa upya, ya kwanza iliishia wapi hakuna anayejua. Watu wamenichagua nisafishe. Benki nimeshapeleka barua ya kubadilisha watia sahihi, na walinzi wapya nimeshawaambia waanze mwezi ujao. Nikirudi nyuma sasa nitaonekana mtu wa namna gani? Sanduku liko salama, nimeliweka kwangu.

Tumaini la Pili:
Kwako?! Mkuu, umelala na sanduku la kura ndani?

Nyumba ya Kona:
Ofisi ya jumuiya haina kufuli la maana. Lingepotea, lawama zingekuja kwangu vilevile.

Sauti ya Upole:
Ndugu yangu, uongozi ni dhamana. Ukiingia kwa mlango wa pembeni, hata ukitengeneza pampu kumi hakuna atakayekushukuru.

Korti Jirani:
Nimefanya kazi na jumuiya za namna hii miaka mingi, nikujibu ulichouliza. Matokeo kutangazwa hakufungi mlango wa kupinga. Kinachoufunga ni muda, na kila nchi ina wake. Hispania, Sheria Na. 49 ya 1960 inampa mmiliki miezi 3 kupinga uamuzi wa mkutano, na mwaka 1 kama uamuzi unavunja sheria au kanuni za jengo lenyewe. Ujerumani ni mwezi 1 tu. Jimbo la California ni mwaka 1, na huko msimamizi wa uchaguzi haruhusiwi kuwa mgombea wala ndugu wa mgombea. Yeye ndiye anayekaa na karatasi za kura mpaka muda wa kupinga uishe. Tafuta sheria ya kwenu inasemaje, lakini hakuna mahali ninapopajua ambapo mshindi anakaa na sanduku chumbani akaeleweka. Litoe leo, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, likiwa na lakiri.

Hesabu Kichwani:
Samahani wadau, hii ni chai. Nimesoma bandiko la kwanza mara tatu. Nyumba 41 zimesaini, 17 kwa barua: jumla 58. Kura 31 na 29: jumla 60. Mtunzi amesahau kujumlisha. Tunamshauri mtu asiye na sanduku wala jumuiya.

Tumaini la Pili:
Kumbe! Zile mbili zimezaana humo humo sandukuni.

Mama Kilimani:
Na mimi nimemwaga ya moyoni kwa hadithi ya kutunga? Si haki.

Mchana Kweupe:
Kimya tangu asubuhi. Uzi ufungwe.

Nyumba ya Kona:
Usifungwe. Sijatunga. Namba ni hizo hizo, na upande wa pili nao wamezijumlisha, ndiyo maana ya barua yao. Nilidhani hapa hakuna atakayeziona.

Korti Jirani:
Basi hizo mbili unajua zimetoka wapi.

Nyumba ya Kona:
Moja ni ya mke wangu. Hati ya nyumba ina majina yetu wawili. Nilisaini daftari mimi, naye mlangoni akapewa karatasi yake, kila mmoja akatumbukiza ya kwake. Nyingine ni ya mama yangu mzazi. Ana nyumba yake hapa, miguu inamsumbua, akanipa barua ya uwakilishi nikampigia. Baadaye akajikongoja akafika mwenyewe, daftari limeshafungwa, kijana wa mlangoni akampa karatasi kwa heshima ya uzee wake. Hakuna aliyekusudia wizi. Na upande wa pili nao wana barua nne zenye mwandiko mmoja, mbona hizo hamziulizi?

Korti Jirani:
Nazo ziulizwe, ziwekwe mezani pamoja. Lakini tuanze na zako. Nyumba yenye wamiliki wawili ni kura moja, labda katiba yenu iseme vingine. Ile sheria ya Hispania inawataka wateue mmoja wao apige. Mama alipofika mwenyewe, barua yake ilipaswa kufutwa kabla hajapewa karatasi. Sasa una kura 2 za ziada na ushindi wa kura 2, na kwa kuwa zilikuwa za siri, huwezi kuchambua sandukuni zipi za kutoa. Kuhesabu upya kutaleta 60 ileile. Kinachotakiwa hapo ni kupiga kura upya.

Hesabu Kichwani:
Zikitoka hizo mbili, na zote zilikuwa zako, ni 29 kwa 29. Naomba radhi kwa kukuita mtunzi.

Nyumba ya Kona:
Na pampu je? Na hesabu za miaka mitatu? Tukirudia, yule atapita nyumba kwa nyumba.

Mama Kilimani:
Na wewe pita, mwanangu. Mimi nilizuiwa kura yangu moja iliyo halali hadi leo inaniuma. Hao 29 nao wana uchungu huo huo.

Sauti ya Upole:
Na barua ya benki isimamishe.

Nyumba ya Kona:
Ya benki nimeisimamisha mchana huu. Sanduku kamati ya uchaguzi italipokea kesho asubuhi, pande zote zikiwepo. Maelezo nimeandika, nimetaja kura ya mama. Ya mke wangu sijaitaja.

Korti Jirani:
Itaje.

Nyumba ya Kona:
Yeye bado hajui kama ilikuwa kosa. Nangoja wageni waondoke nimwambie.

Mchana Kweupe:
Tunakungoja hapa.