Mama ana miaka 74 na anaanguka mara kwa mara: nimkataze kutembea au nimfanyishe mazoezi?

Binti wa Ujiji
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye wazee nyumbani na wataalamu wa viungo kama mpo humu.

Mama yangu ana miaka 74, naishi naye hapa Ujiji. Akili iko sawa kabisa, hesabu za mawese anayouza bado anazishika kichwani. Shida ni miguu. Alianza kuanguka uani akigeuka na ndoo mkononi, na juzi kaanguka tena usiku akienda chooni. Hajavunjika, namshukuru Mungu, ila bega limevilia damu na sasa anatembea akishika ukuta. Anatumia dawa za presha.

Kaka yangu aliyeko Dar anasema mama asiguse kazi yoyote, tutafute msichana wa kumhudumia, yeye akae barazani. Mama hataki hata kusikia. Nami moyo unasita, maana tangu aanze kukaa sana naona ndiyo anazidi kulegea. Kuna mazoezi ya mtu wa umri huo, au ndiyo nitakuja kumvunja nyonga?

Mwana Kibirizi
Pole sana dada. Mimi naungana na kaka yako. Mzee ni wa kupumzishwa. Huko uani mvua zikianza ni utelezi mtupu. Mtafutieni mkongojo, atulie, ale migebuka yake kwa raha.

Mjukuu wa Mwandiga
Mwana Kibirizi, nia yako njema lakini hapana. Nina jirani, mzee wa watu, watoto wake walimfanyia hivyo hivyo. Maji ya kunawa analetewa, chakula analetewa, mpaka redio anawashiwa. Masika yanaisha, hawezi tena kuinuka kwenye kiti bila kuvutwa mikono yote miwili. Dada, msikilize mama yako.

Fizio Tabora
Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niko Tabora, na wazee wanaoanguka nawaona kila wiki.

Kwanza ya hospitali. Kama alipoanguka alipoteza fahamu, alijigonga kichwa, upande mmoja wa mwili umelegea, au nyonga inauma akikanyaga, usianze zoezi lolote, mpeleke hospitali ya Maweni. Hata bega hilo lionwe. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za usingizi kama anatumia, kwa sababu dawa za presha na za usingizi kama diazepam zinaweza kumpa kizunguzungu akisimama. Macho yapimwe pia, mtoto wa jicho huangusha wazee wengi.

Halafu mpime nyumbani. Weka kiti, pima mita 3 sakafuni, piga mstari wa chaki. Mama ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye mstari, ageuke, arudi, akae. Wewe shika saa ya simu, mtu mwingine awe ubavuni kwake. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yumo kwenye hatari ya kuanguka. Mwangalie sana anapogeuka, wengi huyumba hapo, na umesema mama alianguka akigeuka.

Sasa mazoezi. Balansi haiji kwa kukaa. Mwili hujifunza kujizuia pale unapoyumba kidogo, mahali salama, tena na tena. Kwa hiyo mama asimame uso kwa dirisha, ashike nondo kwa mikono miwili. Kiti cha plastiki usitumie, kitateleza naye. Wewe simama nyuma yake kwa pembeni, mikono karibu na kiuno bila kumshika. Aunganishe miguu, ahesabu mpaka kumi. Akiimarika, mguu mmoja usogee mbele nusu hatua. Baadaye kisigino cha mguu wa mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Mwisho kabisa asimame kwa mguu mmoja. Na kila hatua ikizoeleka unapunguza mshiko: mikono miwili, mkono mmoja, vidole viwili, kisha viganja viwe karibu tu na nondo. Asipoyumba hata kidogo, zoezi ni jepesi mno. Aking'ang'ania, ni zito, mrudishe hatua moja nyuma.

Miguu nayo itiwe nguvu: kuinuka na kukaa kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, kunyanyua visigino akiwa ameshika dirisha, kutembea kiubavuubavu akifuata ukuta.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki kwa wenye miaka 65 kwenda juu. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000, yalikuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa 23%. New Zealand wana mpango wao wa mazoezi haya uitwao Otago, mzee anafanyia nyumbani kwake mwenyewe. Miaka 74 si umri wa kukata tamaa, dada.

Mwana Kibirizi
Nimekuelewa mkuu. Basi kumtembeza mpaka mwaloni kila asubuhi si kungetosha?

Fizio Tabora
Hakutoshi. Kutembea kunafaa moyo, lakini kwa mtu anayeanguka, kutembea peke yake hakujaonyesha kumpunguzia kuanguka. Aimarike kwanza. Na mkongojo usiwe wa kurithi tu. Akisimama wima mikono imening'inia, mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono, na chini pawe na mpira.

Bibi wa Gungu
Mwanangu Binti, mimi nimevuka sabini, niseme ya upande wetu. Mtu akishaanguka, hofu inamkaa. Anatembea kakunja magoti, macho chini, hatua fupifupi, na hiyo hofu yenyewe inamwangusha. Usimwamrishe mama yako kama mtoto wa shule. Simama naye dirishani mkisubiri ubwabwa uive, wewe ufanye, na yeye afanye. Taa ya uani iwake usiku kucha. Ndala zilizolegea mtupie, mpatie viatu vinavyoshika kisigino. Kanga isiburuze. Mkeka uliojikunja pembeni uondoe njiani. Na fundi amfungie bomba la kushika chooni, kuchuchumaa si tatizo, tatizo ni kuinuka.

Binti wa Ujiji
Shikamoo bibi. Asanteni sana wote. Nimempima: sekunde 17, na alipogeuka alimshika mwanangu bega. Maweni tunakwenda wiki hii. Swali moja: mama anaswalia kwenye kiti siku hizi akiogopa sijda, na linamuumiza sana moyoni. Anaweza kurudi chini?

Bibi wa Gungu
Marahaba mwanangu. Kuswali kwenye kiti kwa udhuru hakuna ubaya, mwambie asijilaumu.

Fizio Tabora
Bibi kasema vyema. Kurudi kunawezekana, lakini aanze baada ya kuonwa hospitali na baada ya kuweza kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Weka kiti kizito mbele yake, mkeka chini. Ashuke goti moja, kisha la pili, mikono ikiwa kwenye kiti. Kupanda: mguu wenye nguvu unatangulia kukanyaga, anakandamiza kiti kwa mikono, anasimama. Akizoea ndipo kiti kisogezwe kando. Kujua kuinuka kutoka chini kutamsaidia hata siku akianguka peke yake.

Kabla hamjaenda, tafuta kipimo cha presha. Alale dakika tano, mpime, kisha asimame, umpime ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, muonyeshe daktari kabla ya jambo lingine lolote, na usimpunguzie wala kumwachisha dawa mwenyewe. Kwa sasa akiamka usiku akae kwanza kitandani, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Binti wa Ujiji
Nimeandika yote. Kipimo cha presha nitaazima duka la dawa hapa jirani. Kaka namtumia uzi huu asome mwenyewe.