Kitabu gani kinamfaa anayeanza kuzijua wiski za dunia?

Kimea_Mbichi:
Wakuu, naomba mwongozo. Nataka kitabu cha kunifundisha wiski za nchi mbalimbali, si Scotland peke yake: Ireland, Marekani, Japani, India, Afrika Kusini. Nimeona aina tatu. Kuna atlasi yenye ramani, kuna kitabu kinachoipa kila chupa alama juu ya 100, na kuna kile cha kila mwaka kinachoorodhesha viwanda. Hela inatosha kimoja tu. Nichukue kipi, na nikitumieje? Sitaki kukariri majina ya chupa ambazo sitaziona dukani.

Mlinzi wa Pipa:
Mkuu, chukua atlasi. *The World Atlas of Whisky* ya Dave Broom, iliyotoka mara ya kwanza 2010, inazigawa wiski kwa makundi ya ladha: zenye harufu ya maua, zenye ukavu wa nafaka, zenye matunda na viungo, nzito zenye utamu wa zabibu, na zenye moshi. Inapoeleza single malt (wiski ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja) inakutajia pia ya kuonja baada ya hiyo. Hapo ndipo tatizo lako linapoisha, kwa sababu ukikosa chupa iliyotajwa unatafuta nyingine ya kundi hilohilo.

Ila tazama mwaka wa toleo kabla hujalipa, na sababu kubwa ni Japani. Kwa muda mrefu iliwezekana kuagiza wiski kutoka nje, kuichanganya, kisha kuiuza kama ya Kijapani. Chama cha watengenezaji kilitangaza masharti mwaka 2021, na muda wa kujirekebisha ukaisha Machi 2024. Sasa maji lazima yawe ya Japani, kuchachusha na kukeneka (kutenga kilevi kwa mvuke) kufanyike hukohuko, wiski ikae miaka 3 au zaidi kwenye pipa la mbao lisilozidi lita 700, na chupa zijazwe nchini. Haya ni masharti ya chama, si sheria ya nchi. Kwa hiyo kitabu cha zamani hakiwezi kukusaidia kutofautisha chupa za huko.

Kitabu cha mwaka ni kizuri, lakini ni cha mtu ambaye tayari anajua anatafuta kiwanda gani.

Shayiri na Mahindi:
Naunga mkono, na naongeza kipimo kimoja. Fungua sehemu inayofundisha kusoma lebo. Kwa Scotland itaje aina tano zilizowekwa na kanuni za 2009, na iseme kwamba umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Kwa bourbon, wiski ya Marekani, iseme mahindi yasipungue asilimia 51 na mapipa yawe mapya, yaliyochomwa ndani. Neno "straight" linamaanisha miaka 2 au zaidi, na ikiwa chini ya miaka 4 umri lazima uandikwe. "Bottled in bond" ni sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka 4, kilevi asilimia 50. Kitabu kikiruka haya na kukimbilia picha za milima, kirudishe rafuni.

Kuhusu alama: Michael Jackson, mwandishi wa Uingereza, alitoa *Malt Whisky Companion* mwaka 1989 akipima juu ya 100. Alifariki 2007, na matoleo ya baadaye yakaendelezwa na wengine. Kwa hiyo alama ndani ya jalada moja zinaweza kuwa za ndimi tofauti. Tena linganisha asilimia ya kilevi. Kitabu kikisema 43 na chupa ya dukani ikasema 40, alama ile si ya kinywaji ulichokishika.

Joto la Bangalore:
Wengi wanakosea wanapofika kurasa za India na Taiwan: wanatafuta miaka 12 na 18. Scotland hupoteza takriban asilimia 2 ya pipa kwa mwaka kwa mvuke. Bangalore, kwenye kiwanda cha Amrut cha India, ni asilimia 10 hadi 12 kwa sababu ya joto. Kufikia miaka hiyo sehemu kubwa ya pipa ingekuwa imepotea, na kwenye joto mbao hutoa ladha yake mapema, kwa hiyo chupa isiyo na umri hapo si dalili ya ubovu. Kiwanda cha Kavalan cha Taiwan kilianza kukeneka 2006 tu.

Jambo jingine la India ni molasesi. "Wiski" nyingi za bei nafuu huko zina pombe ya miwa, na Ulaya haziruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Kitabu kizuri kinazitenga na single malt za shayiri. Afrika Kusini tazama kiwanda cha James Sedgwick, Wellington: Three Ships, na Bain's inayotokana na mahindi.

Mlinzi wa Pipa:
Namna ya kukitumia: chupa nne za makundi tofauti, mililita 15 kila moja, glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ya moshi iwe ya mwisho, ikitangulia zilizobaki utazionja zote kama moshi. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isizame ndani ya glasi. Andika ulichokipata, *ndipo* ufungue kitabu. Ukisoma kwanza "tufaha na asali", pua itakuletea tufaha na asali. Kisha ongeza maji: kijiko cha chai, mililita 5, hushusha asilimia 46 hadi karibu 35. Yenye 60 inahitaji viwili. Barafu hapana, baridi hufunga harufu.

Kimea_Mbichi:
Shukrani sana. Nikiongeza maji na ikafanya ukungu, imeharibika?

Shayiri na Mahindi:
Hapana. Ni mafuta asilia ambayo viwanda vingi huyaondoa kwa kupoza wiski na kuichuja. Wasiochuja hivyo mara nyingi hujaza kwa asilimia 46 au zaidi ili ibaki angavu kwenye chupa. Rangi nayo usiitumie kukadiria umri, Scotland inaruhusu karameli E150a. Ukikuta lebo ya soko la Ujerumani imeandikwa "mit Farbstoff", imetiwa rangi.