Mrejesho: shingo baada ya kugongwa kwa nyuma

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kama shingo inaweza kuanza kuuma siku ya pili baada ya gari kugongwa kwa nyuma. Asanteni sana mlionisukuma hospitali, mi nilishaamua kumeza dawa za maumivu tu nilale. Eksirei imeonesha pingili zote 7 za shingo ziko sawa, ila dokta kasema eksirei inaona mifupa, misuli na kano zilizovutika kichwa kiliporushwa haizioneshi vizuri na ndo zinazouma. Kola ya shingo, ile ya kuvaa isicheze, kakataa nisiizoee, shingo itakakamaa, so naigeuza taratibu kila siku. Wiki ya tatu sasa, kulia freshi, kushoto bado. Ila jamani ganzi mikononi, miguu kulegea au mkojo kutoka wenyewe, hapo kimbia hospitali saa hiyohiyo.