Mrejesho: Kyoto na Himeji kwa siku moja, inawezekana

Wadau, niliuliza kama hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Japani) la Fushimi Inari na hekalu la Kiyomizu-dera, yote ya Kyoto, Japani, pamoja na ngome ya Himeji vinatosha siku moja na mwongozaji. Vinatosha, mkianza alfajiri. Fushimi Inari haifungwi wala haina kiingilio; jua likishapanda, malango mekundu hujaa watu. Pale, ukisali, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Kiyomizu-dera ni hekalu la Kibudha, hivyo usipige makofi.

Himeji ni kama dakika 50 kutoka Kyoto kwa shinkansen (treni ya kasi), kisha dakika 20 kwa miguu hadi ngomeni. Fikeni kabla ya saa 10 jioni. Mnara mkuu wa ngome ni wa mwaka 1609: viatu vinavuliwa na kubebwa kwenye mfuko, na ngazi za mbao zimesimama wima mno. Soksi laini huteleza, kwa hiyo shuka kinyumenyume, mikono yote miwili ikiwa huru.