Rimoti ya kopi inawasha gari ila milango haifungui: tatizo ni gari au rimoti?

Bi_Kihonda
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Premio ya 2009, ile ya kuwasha kwa kitufe. Ilikuja na rimoti mbili toka Japani, wengi hapa mtaani walipata moja tu. Ya pili mume wangu aliipoteza kwenye pilikapilika za msiba Kilosa, na hakuna anayekumbuka aliiona wapi mara ya mwisho. Nikaona kabla iliyobaki haijapotea nayo, nitafute mwenzake.

Nilinunua kopi mtandaoni, muuzaji yuko Kariakoo, akaituma na basi. Kwa sura huwezi kuzitofautisha, nembo ipo, vitufe vipo, hata ukiipima mkononi uzito ni ule ule. Fundi wa hapa Morogoro akachomeka mashine chini ya usukani, ikalia pii pii, akasema tayari.

Sasa basi: nikiigusisha kwenye kitufe cha kuwashia, gari inawaka. Ikiwa kwenye mkoba gari haiitambui kabisa. Na vitufe vya kufunga na kufungua milango ni kama nabonyeza kipande cha sabuni. Betri nimeweka mpya. Fundi anasema antena ya gari imekufa, anataka laki na themanini aibadilishe. Muuzaji naye anasema rimoti yake ni nzima, fundi ndiye hajui kazi. Ile ya zamani inafanya kila kitu, hata nikiwa mbali kidogo na geti.

Nimsikilize nani?

msukuma_toroli
Pole dada. Feki ni feki tu. Agiza orijino yaishe.

Bi_Kihonda
Orijino nimeulizia kaka. Wanataka namba ya chesisi, wanataka hela yote mbele, halafu nisubiri. Na bei yake nikimtajia baba watoto atasema tuuze gari tubaki na rimoti.

FundiRimoti_Igoma
Dada, usitoe hata shilingi ya hiyo antena. Jibu umeliandika mwenyewe kabla tu ya swali lako: ile ya zamani inafanya kazi zote. Antena ingekuwa imekufa, na ya zamani ingekataa. Gari yako ni nzima.

Nakueleza kinachotokea, ili huyo fundi akianza maneno umsimamishe. Hiyo rimoti ni vitu viwili ndani ya kava moja. Kuna chipu ya immobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia gari kuwaka bila rimoti yake, hii haihitaji betri kabisa. Ukiisogeza kwenye kitufe cha kuwashia, koili iliyopo pale inaipa umeme kidogo, inasomwa, gari inawaka. Halafu kuna redio ndogo, hii ndiyo inayokula betri. Ndiyo inayofungua milango, na ndiyo inayoijibu gari rimoti ikiwa mkobani. Gari inaita kwa masafa ya chini, karibu kilohezi 134, rimoti inajibu kwa masafa ya juu. Gari isiposikia jibu, kwake wewe haupo.

Wakati wa kusajili, fundi aligusisha rimoti kwenye kitufe. Kilichosomwa pale ni chipu peke yake. Mashine ikasema tayari, na kwa upande wa chipu ni kweli tayari. Redio haikupimwa na mtu.

Kwa hiyo mimi nina shaka na masafa. Toyota zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yaani hizi tunazoziagiza zikiwa zimetumika, rimoti zake huwa za megahezi 312 au 314. Za Ulaya na masoko mengine mengi ni 433. Kava ni lile lile, vitufe vile vile. Muuzaji anaangalia sura anasema "hii ya Premio", anafunga mzigo. Gari yako inasikiliza 312, wewe unaiita kwa 433, mtaonana wapi?

Fanya hivi. Sukuma kile kizuizi kidogo cha pembeni, vuta ujiti wa chuma, ule ufunguo wa dharura uliofichwa ndani ya rimoti. Pale ulipotoka ujiti kuna upenyo. Chukua bisibisi bapa, ifunge kitambaa nchani usije ukachubua kava, ingiza, zungusha taratibu, litaachana. Ukikuta skrubu ndogo juu ya saketi, kile kibao chembamba chenye vifaa vya umeme, zitoe, usilazimishe. Soma namba iliyoandikwa kwenye saketi ya zamani, nyingi za Toyota za miaka hiyo zinaanza na 271451 halafu kistari na tarakimu nne. Fungua na hiyo kopi. Leta namba zote hapa.

Nai_254
Fundi ameongea ukweli. Mimi niko na Nissan Note, huku Nairobi nilinunua ya Kichina hapo Kirinyaga Road na iko sawa mpaka leo, range tu ndiyo imepungua kiasi. Lakini yeyote mwenye Nissan asome hii: ukienda kuongeza key, beba zote ulizo nazo. Wakisajili, ile haikuwa hapo inafutwa. Jamaa yangu aliacha moja kwa bibi yake Nakuru, akarudi akapata ni pambo.

FundiRimoti_Igoma
Sawa kabisa Nai. Nissan zina tabia hiyo.

Bi_Kihonda
Nimefungua zote mbili mezani, watoto wamesimama kama wanaangalia upasuaji. Ya zamani saketi ni ya kijani, namba inaanza kweli na 271451. Nimekutumia zilizobaki inboksi, sijui kama ni busara kuziweka hadharani. Ile kopi haina namba ya namna hiyo. Ina maandishi ya Kichina na pembeni kidogo wamechapa 433. Na kitu kingine: ya zamani inatumia betri ndogo, CR1632. Hii imeandikwa CR2032.

FundiRimoti_Igoma
Hapo kesi imekwisha. 433 hiyo.

Betri isikutishe. Namba mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene: 1632 ni upana 16 na unene 3.2, na 2032 ni upana 20 na unene ule ule. Kopi nyingine wanaweka 2032 kwa sababu inapatikana kila duka. Usijaribu tu kuweka ndogo kwenye nafasi ya kubwa na kipande cha karatasi ya sigara, nimeshaona mengi.

Namba uliyotuma nimeisoma, ya kwako ni 312. Mrudishie muuzaji hiyo, mwambie unataka ya 312 yenye saketi inayolingana na namba hiyo, na mtumie picha ya saketi yenyewe. Picha ya kava haina maana. Akikwambia "zinaingiliana", dai hela yako.

Njia nyingine, na ndiyo mimi naipenda zaidi, ni rimoti za kuandikwa kama za kampuni ya Xhorse au KEYDIY. Zinakuja tupu. Fundi anachagua kwenye mashine aina ya saketi na masafa, anaziandika, ndipo anazisajili kwenye gari. Akikosea anaandika upya, wewe huhitaji kutuma kitu Kariakoo na kungoja basi. Ila awe na mashine ya kuandikia, si ile ya kusajilia tu. Muulize kabla hajagusa gari.

Iliyotumika orijino, zile zinazotolewa kwenye magari yaliyokatwa, kuwa nayo makini. Rimoti ya Toyota ikishasajiliwa kwenye gari moja inajifunga. Kuna aina zinafunguliwa kwa mashine, kuna aina hazifunguliwi. Muuzaji akisema "imefunguliwa tayari" mwache athibitishe kwenye gari yako ndipo ulipe.

Bi_Kihonda
Asante sana fundi. Maswali mawili ya mwisho. Ile iliyopotelea msibani, mtu akiiokota anaweza kuiba gari? Na huu ujiti wa chuma wa kopi hauna meno, ni bapa tu, ndivyo ulivyo?

FundiRimoti_Igoma
Anaweza, akijua gari ilipo. Kwa hiyo siku ya kusajili mpya, mwambie fundi afute zote abakize hiyo moja uliyonayo mkononi, kisha aongeze mpya. Iliyopotea itakuwa imekufa, na hiyo ya 433 itatoka kwenye kumbukumbu ya gari. Akidai hela ya kufuta peke yake, mwambie ni kazi ya mashine ile ile akiwa amekaa kiti kile kile. Na afanye sasa, wakati moja ingali hai. Ukipoteza zote, data za immobilaiza ndiyo inabidi zisomwe, na mara nyingine dashibodi inafunguliwa kutafuta boksi lake. Hapo bei inakuwa nyingine kabisa.

Ujiti unakuja bila meno, unachongwa kwa kufuata wa zamani. Wengi wanaupuuza. Betri ya gari ikilala siku umeiacha imefungwa, rimoti haikusaidii, ni huo ujiti kwenye tundu la mlango wa dereva. Uchongwe, na ujaribiwe mlangoni.

Kabla hujalipa: funga na fungua kwa vitufe ukiwa umbali wako wa kawaida. Iache ya zamani ndani ya nyumba, weka mpya mkobani, kaa, kanyaga breki, bonyeza, iwake. Halafu toa betri ya rimoti, kanyaga breki, gusisha upande wa nembo kwenye kitufe, ikilia bonyeza. Ikiwaka na hapo, mpe hela yake.

Bi_Kihonda
Muuzaji amekubali kubadilisha baada ya kuona picha ya saketi, nauli ya basi tunagawana. Fundi wa antena hapokei simu tena.

msukuma_toroli
Nami nina Toyota Harrier, rimoti ya pili niliambiwa haipatikani nchini. Ni kweli?

FundiRimoti_Igoma
Aliyekwambia alifungua kava?

msukuma_toroli
Aliangalia tu kwa nje.

FundiRimoti_Igoma
Basi leta mwaka wa gari na namba ya saketi.