Tupeane uzoefu: Siku nchi yako na damu yako zilipokuvuta huku na kule

Habari za jioni, wanajamvi. Nimezaliwa Sirari. Baba Mtanzania, mama wa Isebania, Kenya, ng'ambo ya kizuizi. Sisi Wakurya tuko pande zote mbili. Wairege wapo huku na wapo kule. Mstari wa mpaka waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka pwani hadi ziwani, ukapinda tu ulipofika Kilimanjaro.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Babu mzaa mama akafariki katikati ya miaka hiyo. Kwao ni karibu, mama alisikia vilio kwa masikio yake. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ndiye aliyetakiwa kutoa taarifa za wanaovuka kwa njia za panya. Usiku ule akasema, "Mimi leo nalala mapema," akajifunika blanketi hata taa haijazimwa. Mama akatoka.

Kesho yake majirani wakimuulizia, baba akawajibu ana malaria. Nilikuwa na miaka saba. Nikawa natumwa kupeleka uji kwenye chumba kisicho na mtu, nakaa humo kidogo, natoka na bakuli tupu. Mama alirudi usiku wa pili, tope hadi magotini. Baba akamchemshia maji ya kuoga, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Picha ya Mwalimu ilikaa ukutani kwake hadi anafariki. Mimi sijawahi kuuona usiku ule kuwa usaliti, lakini yeye ulimuuma mpaka mwisho. Nani mwingine amepitia hali kama hii? Tuelezane.

Baba Junior, Namanga
Mke wangu Mkenya. Juni 2019, Cairo, Kenya walipotufunga 3-2 kwenye soka: Samatta wetu alipofunga mwanangu alinirukia mimi, Olunga wao alipofunga akamkimbilia mama yake. Alikuwa na miaka minane, akawa na furaha mara tano jioni moja. Akifika 18 sheria yetu itamtaka achague uraia mmoja. Siku hiyo naiogopa.

Nesi wa Minnesota
Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi wa Marekani. Anayeweza ni raia, tena aliyetimiza miaka 21. Mama yangu alikuwa na kisukari, kidonda cha mguu hakiponi, na mimi ndiye mtoto pekee. Nikaapa kuwa raia wa Marekani. Kiapo kinakutaka uukane, kwa sauti na mkono wa kulia juu, utii wako kwa nchi uliyokuwa raia wake. Nilipofika hapo ulimi ulikauka. Nikaukumbuka ule mguu, nikatamka.

Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, siku hiyohiyo nikaacha kuwa Mtanzania. Mara ya kwanza kurudi Dar nilipanga foleni ya wageni, nikalipa dola 100 za viza, afisa akanikaribisha kwa Kiingereza. Nilipomjibu kwa Kiswahili akafurahi: "Kumbe dada ni wetu!" Nikaenda kulia chooni. Shamba la marehemu baba kule Muheza likaandikwa jina la mtoto wa baba mdogo, maana wakati ule mgeni hakupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kazini nina wenzangu Wakenya. Wao katiba yao ya 2010 iliwaruhusu uraia pacha. Nikiwasimulia wananionea huruma, lakini naona hawajui inavyouma.

Mama aliishi nami miaka sita. Ningeapa tena.

Mzalendo Halisi
Mkataa kwao mtumwa, dada yangu.

Mwanzisha mada
Ndugu, kwao ni mama yake, na hakumkataa. Tafadhali tuwaachie watu waseme yao.

Mjukuu wa Missenyi
Mimi ni ya babu. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, babu alikuwa askari wa mizinga. Kwenda vitani hakujiuliza mara mbili, kwao kulikuwa kunaungua. Kazi ilikuja Februari 1979 jeshi letu lilipofika Masaka, Uganda. Dada yake aliolewa pale mjini. Babu alipewa vipimo, akalenga, akapiga.

Kwa miezi hakujua kama amemuua dada yake. Mpaka vita vilipokwisha, bibi huyo akaja Bukoba kwa basi, na mkungu wa ndizi mapajani. Babu akampokea stendi, akautwaa ule mkungu, akautia begani, hasemi kitu. Bibi ndiye aliyeanza: "Nyumba ilianguka, lakini watoto nilikuwa nimeshawapeleka shamba."

Babu akakaa chini palepale, mkungu ukiwa bado begani. Bibi akakaa naye. Basi likaondoka, watu wakatawanyika, wao wameketi tu.

Kila mwaka baada ya hapo alikuwa akija, na kila mwaka babu alikwenda kumpokea mwenyewe, hata miguu ilipomshinda. Neno lile halikutajwa tena.