Ngome ya Himeji: mkazi wa kigeni alipe bei ya nani?

MkaziWaKobe: Wakuu, mwaka wa sita sasa niko Kobe, Japani. Himeji ni dakika 40 kwa treni. Ngome tuliyoingia kwa yeni 1,000, tangu Machi 2026 natozwa 2,500. Kodi nakatwa, bima nalipa. Ni haki?

Mtoto wa Moshi: Kilimanjaro mzungu analipa dola, sisi shilingi. Hapo hukuona dhuluma?

Bi Tanga: Si meya wao alitaka wageni walipe mara nne?

Fundi Nagoya: Dada, hilo lilikuwa wazo la 2024, likaachwa. Sasa wanaangalia anwani. Mkazi wa Himeji 1,000, mtu mzima mwingine yeyote 2,500, hata Mjapani wa Tokyo. Mlima Fuji nako ni 4,000 kwa kila mpandaji. Mtoa mada ametuficha hilo.

MkaziWaKobe: Sijaficha! Na wewe wa Moshi, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana bei ya mgeni mkazi. Anayeishi Arusha hahesabiwi kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA jana.

Mtoto wa Moshi: Mnawatetea watu ambao hata kwenye treni hawakai karibu yenu.

Fundi Nagoya: Uongo huo. Miaka tisa nakaa nao bega kwa bega.

MkaziWaKobe: Kaka, usikiite uongo kitu nilichokiona juzi. Saa mbili asubuhi, watu wamebanana mpaka mlangoni, kiti cha pembeni yangu kitupu. Nikapakata begi, nikajisogeza dirishani. Mama mmoja akakitazama kiti, akanitazama mimi, akashika kamba ya juu. Vituo vinne.

Fundi Nagoya: Labda alikuwa anashuka karibu.

MkaziWaKobe: Na wengine wote je?

Bi Tanga: Pole mwanangu. Binti yangu anasoma Osaka. Alinisimulia hayo hayo, nikamwambia azoee. Usiku sikulala.

Fundi Nagoya: Mama shikamoo. Mimi nasema tusiwapake wote tope moja. Bibi wa mlango wa pili huniletea figili za shambani kwake.

Mtoto wa Moshi: Figili ni figili, kiti ni kiti.

Bi Tanga: Marahaba. Fundi, huyo bibi ulimsalimia vipi siku ya kwanza? Nataka nimwambie binti yangu.